Ijumaa za Saleh

Betri ndizo zilizomtia Tabia mashaka kwanza. Ulikuwa mwaka wa themanini na saba, mambo yameanza kulegea. Sabuni imerudi madukani, watu wameacha kupigana vikumbo kwa ajili ya kilo moja ya sukari, na mitumba inauzwa mpaka barazani kwa watu. Lakini betri za redio bado zilikuwa mali. Mwenye akili zake alisikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo, akazima. Saleh, mume wa Tabia, alikuwa anamaliza betri nne kwa wiki. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye meza yake ya vitambaa, alizipanga juu ya ukuta wa uani zipigwe jua zirudishe nguvu kidogo. Jioni akirudi, hata viatu hajavua, alizikusanya, akaingia nazo chumbani pamoja na redio kaseti, akatia komeo.

Sasa nambieni nyie. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mwenye binti wa kuozwa, anajifungia na redio anafanya nini?

Tabia hakuwa mwanamke wa kutega masikio milangoni. Alistahimili siku tatu nzima. Siku ya nne akavua ndara zake, akanyata mpaka mlangoni, akatega.

Alisikia sauti ya mwanamke. Ilikuwa sauti ya taratibu, yenye Kiswahili cha watu wa milimani kule juu, kila neno limetamkwa mpaka mwisho wake. "Fumba macho, Saleh," ilisema. "Legeza mabega. Niko hapa pamoja na wewe. Weka mkono tumboni, vuta pumzi, iache itoke polepole. Kama moyo unakwenda mbio, uache uende. Hautakuua." Kisha kimya. Na ndani ya kimya kile Tabia alimsikia mumewe akivuta pumzi, akiitoa, akivuta, akiitoa.

Alirudi jikoni akakaa juu ya mbuzi, nazi yenyewe hana habari nayo.

Mwanamke wa mtaa wao wa Chumbageni hafundishwi kaseti ni nini. Nyumba zenye jamaa Uarabuni, kaseti ndiyo ilikuwa barua yao siku zile. Mume yuko Maskati, anasema maneno yake upande wa kwanza, kaseti inaletwa na msafiri, mke anajibu upande wa pili, inarudi ilikotoka. Watu walilia humo, waligombana humo, na mtaa wa pili kulikuwa na mwanamke aliyejua kwamba ana mke mwenza kwa sababu msafiri alikosea nyumba ya kupeleka kaseti. Basi Tabia aliposikia mwanamke ndani ya kaseti anamwita mumewe Saleh, Saleh hivi hivi, bila baba Najat wala bwana, hakuhitaji mkalimani.

Na haya yote yalikuja wakati gani? Wakati wa harusi. Najat, binti yao, alikuwa ameposwa na Rahimu, mwalimu wa shule kutoka Kigombe, kijana mpole, hana neno. Mwenye maneno alikuwa mamake, Bi Thuwaiba, mjane aliyelea watoto wake peke yake na hakuacha mtu yeyote asahau hilo. Siku alipokuja kupanga mambo ya nikaha alisema kwa ukoo wao baba aliye hai na mzima humwoza bintiye kwa ulimi wake mwenyewe, msikitini, baada ya swala ya Ijumaa, ameshika mkono wa mkwe wake na watu wote wanamwona. Shehe huachiwa mayatima.

Saleh alikohoa. "Hivi, tukimpa uwakala kaka yangu Soud?" alisema. "Aje kutoka Wete, aoze yeye. Ni mkubwa wangu, ni heshima kwake."

Bi Thuwaiba aliweka kikombe chini. "Kwani baba ana nini?"

"Hana kitu," Tabia alijibu upesi.

"Basi aoze mwenyewe, mkwe wangu. Maana sisi tukimwona baba anakwepa mkono wa mkwe, hatusemi baba ana jambo. Tunasema binti ana jambo."

Maneno yale yalimchoma Tabia mpaka ndani. Najat alikuwa nyuma ya pazia na sinia mkononi, na aliyasikia. Saleh alikubali kwa kichwa, na Tabia akaona kanzu yake imelowa jasho mgongoni, kivulini, saa nne asubuhi. Mtu asiye na hatia hatoki jasho namna ile, alijiambia.

Kama hilo halitoshi, akaja Semeni, jirani yake wa ukuta mmoja. Semeni hakuja kuchonganisha. Watu wa aina yake hawaji kuchonganisha, huja kuazima kinu. "Shoga," alisema, "mume wangu anauliza kama baba Najat anaumwa. Anasema Ijumaa nyingi hajamwona msikitini."

"Anaswali msikiti wa Mabawa siku hizi," Tabia alisema. Uongo huo ulimtoka wenyewe, kumlinda mwanamume ambaye yeye mwenyewe alitaka kumtia makucha.

"Aa, Mabawa." Semeni alichukua kinu. "Mpemba yule, shoga. Akificha kitu, hata jini hakioni."

Ijumaa tatu mfululizo bila udhuru, mtu moyo wake hupigwa muhuri. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua hilo. Na Saleh kila Ijumaa alioga, akavaa kanzu ya kupigwa pasi, akajifukiza udi, akatoka saa sita na nusu anakwenda msikitini. Sasa kama msikitini hafiki, udi ule alikuwa anampelekea nani? Wiki moja kabla ya nikaha Tabia alitupa buibui lake kichwani, akamfuata.

Alimfuata kwa mbali, upande wa vivuli. Saleh alikwenda vizuri mpaka mtaa wa msikiti, kisha mwendo ukapungua. Wanaume wengine walimpita, wakamsalimu, wakaingia. Yeye hakuingia. Alivuka barabara, akasimama mbele ya nyumba moja yenye mlango wa kijani, mgongo kwenye ukuta, uso kama mtu anayesubiri kuitwa. Adhana ikatoka. Hotuba ikaanza, inasikika kwenye kipaza sauti mtaa mzima. Saleh yuko palepale. Mkono wake aliuingiza kwenye uwazi wa kanzu, akauweka tumboni, akaangalia chini. Mara moja aliondoka hatua tatu, akarudi. Swala ikakimiwa, ikaswaliwa, na mwanamume yule mwenye kanzu nyeupe na udi wake alisimama mbele ya mlango wa watu mpaka imamu alipotoa salamu. Hapo ndipo alipogeuka kurudi nyumbani, na alipopita karibu na kibanda alimojificha Tabia, uso wake unang'aa jasho, alikuwa anatabasamu.

Kusimama kwake hakukumuuma Tabia. Lile tabasamu ndilo lililomuuma. Mlango ule haukufunguka, lakini dirisha lilikuwa wazi, na kwenye dirisha kuna pazia, na nyuma ya pazia mtu anaweza kuweka chochote anachokitaka. Tabia aliweka mwanamke.

Alikata njia ya uchochoroni akafika nyumbani kwanza. Saleh aliingia, akavua kofia. "Hotuba ya leo ilikuwa nzuri," alisema.

"Ilihusu nini?"

"Subira."

Na kweli ilihusu subira, Tabia aliisikia kwa masikio yake. Alimpakulia wali akamtazama anavyokula. Mtasema kwa nini hakumuuliza palepale. Kuuliza ni rahisi ukiwa huogopi jibu. Je, Saleh angesema ndiyo, nina mke? Angesema hivyo siku saba kabla ya nikaha, na Bi Thuwaiba anasubiri kisingizio tu? Najat angeachwa na mahari nusu na jina bovu. Tabia aliamua kumeza mpaka harusi ipite. Mate yalikuwa machungu, lakini alimeza.

Angemeza mpaka mwisho, lau si Luka. Luka alikuwa dereva wa lori linaloleta mboga kutoka milimani, mtu wa makamo, Mkristo, mteja wa vitambaa vya Saleh. Jumanne ile alisimamisha lori nje, akapiga hodi. "Shikamoo mama. Mzee Saleh hayupo? Basi nitamwachia huu." Akampa kifurushi kidogo, kimefungwa kwa karatasi ya mkate. "Mwambie ni kutoka kwa Bertha."

Kwa hiyo alikuwa na jina. Bertha. Na alikuwa na dereva wa kumtuma.

Tabia alifungua karatasi kwa ncha ya kisu ili aweze kuifunga tena. Betri zilikuwa zimebaki na pumzi kidogo. Alitia kaseti, akabonyeza.

"Saleh, habari za huko," ilisema sauti ile. "Nimesikiliza uliyoniambia na nimefurahi sana. Umetoka mbali. Sasa Ijumaa hii ndiyo yetu, Ijumaa hii tunamaliza. Nisikilize vizuri nikwambie utakavyofanya."

Alizima. Ijumaa hii ilikuwa Ijumaa ya nikaha.

Sasa kila kitu kilikaa mahali pake. Ndiyo maana alitaka Soud aoze! Watu wanamwoza Najat huku, yeye anapanda lori la Luka na vitunguu vyake, anakwenda kumaliza na Bertha. Tabia hakulia. Hasira ilimkausha machozi. Alirudisha kaseti mwanzo, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, chekundu na mwenzake, akasogeza mdomo.

"Bertha. Mimi naitwa Tabia, mwenye mume. Miaka ishirini na mbili nimempikia, nimemfulia, nimemzalia, na walipomchukua nilimngojea. Wewe umekuja na sauti tu. Kama ni waume, huko kwenu hawajaisha. Ijumaa Saleh ana mwana wa kuoza, na akishaoza anarudi kwangu, kwenye kitanda nilichokinunua kwa pesa ya kofia nilizoshona. Huo moyo unaotaka uende mbio, kaukimbize wa babako."

Aliendelea. Ile ilikuwa kaseti ya dakika thelathini kila upande, na Tabia hakutaka libaki neno hata moja la yule mwanamke. Matusi yalimwishia dakika ya kumi. Baada ya hapo alimweleza Bertha habari za kifo cha mamake, za bei ya mchele, na za jinsi Najat alivyozaliwa miguu kwanza, mpaka kitufe kikaruka chenyewe. Kisha akairudisha mwanzo, akaifunga kwenye karatasi yake ya mkate, na jioni akampa Saleh. "Kaileta Luka," alisema tu.

Saleh aliipokea kwa mikono miwili. Alitaka kuisikiliza palepale, lakini betri zilikuwa zimekwisha kabisa, na Jumatano ilinyesha kutwa, jua halikuonekana. Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri ndipo alipoingia nayo chumbani. Tabia alikuwa uani anamenya vitunguu saumu vya pilau. Alisubiri. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka nyuma ya mlango, nyembamba kuliko alivyodhani. Ikasema, ikasema, kisha ikazimwa. Komeo likafunguka.

Saleh alisimama mlangoni, redio mkononi. "Mama Najat. Umefanya nini?"

"Nimemjibu mwenzangu."

"Mwenzako nani?"

"Bertha."

"Bertha ni nesi, Tabia. Ananitibu."

Tabia alicheka kicheko kibaya. "Nesi gani anatibu kwa kaseti? Sindano inapita humo? Na maradhi gani hayo ya Ijumaa, ya kutibiwa mbele ya mlango wa kijani? Nilikuona kwa macho yangu."

Saleh alifungua mdomo ajibu, na hapo ndipo ilipomshika. Redio ilimponyoka ikadondoka juu ya jamvi. Mkono ulikwenda kifuani, akateleza na ukuta mpaka chini. "Usijitie mgonjwa," Tabia alisema, kwa kuwa shaka haimtoki mtu kwa siku moja. Lakini jasho hakuna mtu anayeweza kujitia, na lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Midomo imekuwa ya majivu. Alivuta hewa kwa pupa, haimtoshi, anavuta nyingine juu yake. "Nakufa," alisema.

Tabia alitupa kisu akapiga magoti ubavuni mwake. Alitaka kumwita Semeni, alitaka kupiga kelele, na Saleh akamshika mkono kumzuia. Alifumba macho. Aliweka mkono wa pili tumboni. Pumzi ikaja fupi, kisha ikarefuka kidogo, kisha ikarefuka. Ilichukua dakika kumi, na katika dakika zile kumi Tabia alijiona mjane mara nyingi. Mwishowe rangi ikamrudia.

"Geuza upande wa pili," alisema. "Sikiliza."

Tabia aligeuza kaseti. Ilitoka sauti ya Saleh.

"Bertha, nakupa habari zangu. Ijumaa ya kwanza nilifika kwenye kona, nikarudi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nilivuka barabara. Leo nimesimama kwenye ule mlango wa kijani, mbele ya msikiti, kama ulivyonipangia, na sikuondoka mpaka salamu. Mara mbili nilidhani nakufa. Sikufa. Nimefurahi kama mtoto. Lakini ndani sijaingia. Nikiona zile safu, watu bega kwa bega, nakiona kile chumba. Na Ijumaa ijayo nahitajiwa niwe mbele kabisa, watu wote nyuma yangu, nimwoze mwanangu. Nikishindwa watamsema yeye. Nifundishe nifanye nini."

Kile chumba Tabia alikijua kwa kusimuliwa. Mwaka wa themanini na tatu, msako wa walanguzi ulipopita, Saleh alikutwa na doti tisa za khanga na katoni moja ya sabuni chini ya kaunta ya duka lake. Aliyesema ziko pale alikuwa mtu wa mtaani, hawakumjua ni nani mpaka leo. Siku kumi na tisa alifungiwa kwenye stoo isiyo na dirisha, watu hamsini mahali pa watu kumi, wakilala kwa zamu. Kisha waliachiwa bila kushtakiwa. Duka lilikwenda, na Saleh akarudi, na Tabia siku zote alihesabu kwamba alirudi mzima.

Saleh alimweleza yaliyobaki kwa ufupi, bado amekaa chini. Luka ndiye aliyemkuta ameanguka sokoni, akampandisha lori mpaka hospitali ya misheni kule milimani. Moyo wake ukapimwa, hauna kitu. Akapelekwa kwa Bertha, nesi aliyesomea maradhi ya hofu. Alimwona mara mbili. Nauli ya kupanda mlima kila wiki hana, na yule mama ana wagonjwa wengine wa mbali kama yeye, Pangani, Handeni. Basi anawatibu kwa kaseti. Anasema, wanajibu, anawapangia hatua ya wiki inayofuata.

"Ana umri gani huyo Bertha?" Tabia aliuliza. Msimcheke. Alikuwa amesadiki, lakini kusadiki nako kuna pembe zake.

"Hamsini. Sitini. Sijui, ana miwani."

"Ameolewa?"

"Sikumuuliza." Saleh aliinua kaseti. "Ulisikia alichosema kabla hujafuta? Alisema nifanye nini kesho?"

Swali lile lilimshuka Tabia kama maji ya kisima. "Alisema umsikilize vizuri," alijibu. "Hapo ndipo nilipozima."

Luka asingerudi mpaka Jumamosi. Soud yuko Wete, ng'ambo ya bahari. Mchele umeshalowekwa, na wageni wa Kigombe wanafika asubuhi. Tabia alisema waseme anaumwa, waombe wiki moja. "Naye Bi Thuwaiba atasema nini juu ya Najat?" Saleh aliuliza, na wote wawili walilijua jibu. "Nitakwenda," alisema. Tabia aliona aibu ambayo hajapata kuiona maishani mwake.

Ijumaa nyumba ilijaa wanawake mpaka uani. Kutoka pale msikiti hauko mbali, na kipaza sauti kinafika vizuri. Tabia alikaa kwenye mkeka, Bi Thuwaiba ubavuni mwake, Semeni mbele yao na kayamba mapajani, tayari kwa vigelegele. Swala iliisha. Hotuba ya nikaha ilisomwa. Tabia hakusikia neno la hotuba, alikuwa anahesabu pumzi, na hazikuwa zake.

"Walii," sauti ya shehe ilisema, "mshike mkono mkwe wako. Sema."

Hakikusikika kitu. Wanawake walisubiri. Kipaza sauti kilichukua mtu anayepumua, karibu sana, haraka sana.

"Bwana Saleh, sema," shehe alirudia.

Semeni aligeuka akamtazama Tabia. Nyuma mtu alinong'ona. Bi Thuwaiba alinyoosha mgongo. "Kuna nini?" aliuliza. Kule msikitini sauti nyingine ikasema, "Shehe aoze, yaishe," na nyingine ikasema, "Kwa nini? Baba si yupo?" Najat, chumbani, amefunikwa kitambaa cha kijani, alikuwa anasikia yote haya. Tabia alimshika Bi Thuwaiba kifundo cha mkono, pengine kwa nguvu kupita adabu. "Subiri," alimwambia.

Ndipo Saleh aliposema.

"Nisubirini kidogo. Sijakataa. Nina maradhi, jamaa zangu. Watu wakinizunguka moyo unakwenda mbio, pumzi inakata, nadhani nakufa. Mwaka wa nne huu. Ndiyo maana hamkuniona humu. Mwanangu hana ila yoyote, mwenye ila ni mimi. Hivi sasa imenishika. Itapita. Nisubirini."

Walisubiri. Msikiti mzima ulisubiri, na mtaa mzima, na nyumba ile iliyojaa wanawake. Ilisikika pumzi inakwenda, inarudi, inakwenda. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Usifanye haraka, mwanangu." Kisha Saleh akatamka, ulimi mzito lakini maneno yamekamilika. "Rahimu, nimekuoza mwanangu Najat, kwa mahari tuliyoafikiana." Rahimu akajibu, "Nimekubali kumuoa," haraka mno, kama anayeogopa kunyang'anywa, na vigelegele vikapasua paa.

Bi Thuwaiba alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Babake Rahimu alikuwa hivyohivyo," alisema, na hakumwambia mtu yeyote hasa. "Kwenye ngalawa. Tulimpunga pepo mara tatu."

Jioni, bibi harusi ameshapelekwa na sufuria zimeshasuguliwa, Saleh alikaa uani kwenye jamvi peke yake, amevua kanzu. Alikuwa amechoka na uso wake umetulia. Watu walikuwa wamempa mikono siku nzima, na wawili walimvuta pembeni kumuuliza yule nesi anapatikana wapi. Tabia alimletea maji. Alikuwa na fahari naye, fahari ya kweli, na chini ya fahari ile kulikuwa na kitu kinamkwaruza. Alijizuia mpaka maji yakaisha kwenye kikombe.

"Bertha anajua," alisema. "Luka anajua. Leo umeuambia msikiti mzima. Mimi mkeo ndiye wa mwisho, baba Najat. Miaka minne. Kwa nini hukuniambia?"

Saleh alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nilikwambia. Weye ndiye wa kwanza niliyekwambia."

"Lini?"

"Siku ile walipotuachia. Niliingia kwa mlango wa uani, nikakaa hapahapa. Nikakwambia, Tabia, sipumui, moyo unataka kutoka, nadhani nakufa. Ukaniziba mdomo kwa kiganja. Ukasema, nyamaza, majirani watasikia, watasema bado kuna kitu tunaficha." Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake mahali alipoweka ufunguo. "Nikanyamaza."

Tabia alitaka kusema si kweli. Lakini aliikumbuka ile alasiri, ukuta wa Semeni, hofu yake kwamba watarudi kumchukua, na zile ndevu za siku kumi na tisa zilivyomchoma kiganjani huku mumewe anahangaika kutafuta hewa chini yake. Aliikumbuka vizuri sana. Alikaa chini kwenye jamvi, mbali kidogo naye, na hakujua mkono ule auweke wapi.